Samaki mmoja wa mapambo aina ya mbuna kageuka mbabe anawamaliza wenzake kwenye tanki, naombeni ushauri

mzee_wa_vioo
Wakuu habari za majukumu. Niko Tabata, nina tanki la lita 120, miezi mitatu nyuma nilinunua mbuna saba, wawili wa mistari ya njano na nyeusi na watano wale wa njano tupu wenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni, muuzaji akasema chukua tu wote wa Ziwa Nyasa hao wanaelewana. Sasa mmoja wa mistari akaanza kupoteza njano, akawa mweusi mpaka tumboni, nikajua anaumwa nikawa nambadilishia maji kila siku kumbe jamaa ndo anapata nguvu. Anafukuza kila kitu hadi mkono wangu nikiosha kioo. Wa njano wawili wamekufa, mwingine kajibanza nyuma ya hita mapezi yamechanika vibaya. Mwanangu kampa jina Mjumbe. Nimtoe, au nimletee wa saizi yake wamtulize?

konokono_wa_pwani
Haumwi huyo mkuu, ni dume. Hao wa mistari wanaitwa auratus, majike na watoto wanakuwa njano, dume akikomaa akashika eneo anageuka mweusi. Kwa ukorofi hao ni namba za juu kabisa. Usimletee dume mwenzie utazika mmoja. Dume mmoja anatakiwa na majike matatu kwenda juu ili usumbufu ugawanyike, wewe unaye mmoja, na lita 120 kwa auratus ni chumba kimoja familia mbili.

fundi_pampu
Dawa ni kujaza tu, wakiwa wengi hapati wa kumkazania. Mimi nina ishirini kwenye lita 400 na wanaishi.

mama_filta
Lita 400 baba, yeye ana 120. Ajaze halafu umeme ukatike usiku mzima pampu imelala, asubuhi ataokota samaki kama karanga.

mtoto_wa_mbamba_bay
Mimi nimekulia ziwani huko, mbuna tulikuwa tunawaona kwenye mawe tukiogelea. Kule ukisogelea jiwe la dume anakufukuza kidogo anarudi kwake, yameisha. Sasa kwenye kioo anayefukuzwa aende wapi, yuko uani kwa mtu saa 24. Una mawe mangapi humo?

mzee_wa_vioo
Mawili, na ile meli ya plastiki iliyozama.

mtoto_wa_mbamba_bay
Ndo shida hiyo. Mtoe Mjumbe weka kwenye ndoo yenye pampu ya hewa na kifuniko maana wanaruka. Ingiza mawe mengi uyapange mpaka karibu na juu, mapango yawe na matundu ya kutokea pande mbili, na yakae kwenye kioo cha chini kabisa sio juu ya mchanga, hawa wanachimba watakuangushia. Baada ya siku nne tano mrudishe usiku taa imezimwa, akikuta mtaa umebadilika hana pa kudai ni kwake. Huyo wa mapezi mtenge, maji safi yanatosha yataota. Halafu unawapa nini? Kama ni dagaa wa kusaga acha, mbuna wengi wanakula mwani wa kwenye mawe, nyama nyingi inawavimbisha tumbo wanakufa.

mzee_wa_vioo
Mrejesho, wiki mbili baadae. Meli nimetoa, mwanangu kalia siku nzima. Mjumbe alikaa mpole siku mbili, ya tatu akajitwalia pango la kati, bado anafukuza ila wenzake wanapotelea mawe ya pili anawaacha. Ila jike wake hali chakula siku ya nne sasa na kavimba, ndo hizo dagaa?

konokono_wa_pwani
Kavimba tumbo au chini ya mdomo?

mzee_wa_vioo
Chini ya mdomo, kama kameza gololi.

konokono_wa_pwani
Mayai hayo mkuu 😂 anaatamia mdomoni kama wiki tatu, hali kitu muda wote huo. Mhamishe taratibu asiyateme.

mzee_wa_vioo
Kwa hiyo wajumbe wanaongezeka. Mwenye tanki kubwa hapa Dar aje amchukue baba mtu, bure, ndoo natoa mwenyewe.