Mjadala: Je, kipimo cha jeni kitumike kuamua nani ana usonji?

Hoja iliyo mezani ni kwamba hospitali zianze kutambua usonji kwa kupima damu au mate, badala ya kumchunguza mtoto kwa tabia na mawasiliano yake. Naipinga, ingawa sibishi kwamba usonji una mizizi katika urithi. Watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walilionyesha hilo kwa mapacha mwaka 1977, na utafiti wa mwaka 2020 ulitaja jeni 102 zinazohusishwa nao. Ugumu uko hapo hapo: baadhi ya jeni hizo huonekana pia kwa watu wenye ulemavu wa akili wasio na usonji, na watoto wengi wenye usonji hawakutwi na badiliko lolote moja linaloeleza hali yao. Mzazi atakayepewa karatasi isemayo "hakuna kilichoonekana" atarudi nyumbani akiamini mwanawe hana usonji, kumbe anao.

Wapo wanaotegemea epijenetiki, yaani alama za kemikali zinazowasha au kuzima jeni bila kubadili herufi zake, yaani mpangilio wa DNA yake. Mfano ulio wazi ni Fragile X, hali ya kurithi inayoleta ulemavu wa akili: katika jeni iitwayo FMR1, herufi CGG hujirudia zaidi ya mara 200, methili, moja ya alama hizo za kemikali, huigandama jeni hiyo, nayo huacha kutoa protini ambayo ubongo unaihitaji. Kipimo cha badiliko hilo nakitetea kwa moyo wote, kwa kuwa familia hupata jibu na ushauri kuhusu mimba zijazo. Lakini kinapima Fragile X, hakipimi usonji. Tena, alama zinazosomwa kwenye damu si lazima zifanane na zilizomo kwenye ubongo.

Linaloniumiza zaidi ni suala la ridhaa. Huko Uingereza, mradi wa Spectrum 10K ulizinduliwa Agosti 2021 ili kukusanya DNA za watu 10,000 wenye usonji, kwa mate yaliyotemwa kwenye kichupa. Ndani ya wiki chache ulisimamishwa, kwa sababu wenye usonji wenyewe waliuliza data zao zitafika kwa nani, na kama siku moja zitatumika kuchuja mimba. Walikuwa na haki ya kuuliza. Kilifi, Kenya, nako utafiti wa NeuroDev, unaohusu jeni na ukuaji wa ubongo wa watoto, umechukua sampuli za watoto, na nauona una thamani, maana data nyingi za jeni duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Basi wanaounga mkono hoja watujibu: mama akibadili nia baada ya miaka mitano, sampuli ya mwanawe na nakala za data yake, popote zilipokwisha kufika, atazifuta nani?