Milinganyo miwili ya kwadratiki kwa njia ya kuondosha: tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Dogo yuko kidato cha tatu, kaniletea daftari lina x² + y² = 25 na x² − y² = 7. Ile yenye mmoja wa mstari na mmoja wa kwadratiki tunaijua, unaweka badala, kazi imeisha. Hii yote miwili ina vipeo vya pili. Mliosoma, mnaofundisha au mnaoitumia kazini, tiririkeni: watu hukwama wapi?

Chaki Nyeupe
Mkuu, hiyo ni laini. Jumlisha, y² zinakufa, unabaki na 2x² = 32, yaani x² = 16. Rudisha juu, y² = 9. Hapo ndipo darasa langu huniangusha kila mwaka: wanaandika x = 4, y = 3, wanapiga mistari miwili chini, wanafunga daftari. Majibu ni manne: (4, 3), (4, −3), (−4, 3) na (−4, −3). Siku hizi nawalazimisha wachore. Wa kwanza ni duara lenye nusu kipenyo 5, wa pili ni mikunjo miwili iliyopeana mgongo. Ukihesabu zinapokatana huna cha kubisha.

Mwambie dogo aandike a badala ya x² na b badala ya y². Inakuwa a + b = 25, a − b = 7, hesabu ya kidato cha kwanza. Ikija 2x² + 3y² = 30 na 3x² − y² = 23, azidishe wa pili kwa 3, ajumlishe, 11x² = 99, aendelee. Na a au b ikitoka hasi asipoteze wino, kwa namba halisi hakuna jibu.

Mzee wa PCM
Kasheshe ni pale xy inapoingia. Chukua x² + xy = 6 na xy + y² = 3. Ukiondosha xy unabaki na x² − y² = 3, hujafika popote. Mwalimu wetu alikuwa akisema usifukuze herufi, fukuza namba. Zidisha wa pili kwa 2, toa: x² − xy − 2y² = 0. Kulia kuna sifuri, sasa unaweza kutafuta vigawo: (x − 2y)(x + y) = 0. Ukiweka x = 2y unapata y² = 1, majibu (2, 1) na (−2, −1). Ukiweka x = −y unapata 0 = 6, tupa kule. Angalieni, hapa ni mawili tu. Anayebandika ± kila mahali ataandika (2, −1), na hiyo inatoa 4 − 2 = 2, siyo 6.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, mbona unazunguka? Jumlisha tu: (x + y)² = 9. Mistari mitatu umemaliza.

Mzee wa PCM
Sawa kabisa. Ila siku namba zikigoma kuungana hivyo utanitafuta.

Mpima Viwanja
Mimi hesabu hii ndiyo inayonipa mkate. Nina alama mbili, A na B, ziko mita 14 mbalimbali. Nguzo iko mita 13 kutoka A na mita 15 kutoka B. Nikiiweka A kwenye (0, 0) na B kwenye (14, 0): x² + y² = 169, na (x − 14)² + y² = 225. Fungua mabano, toa, vipeo vyote vya pili vinaondoka kwa mpigo, inabaki 28x = 140. x = 5, y = 12 au −12. Karatasi haiwezi kukuchagulia. Ukiwa saiti unaona moja iko kwenye kiwanja cha mteja, nyingine ng'ambo ya barabara.

Mleta mada
Shukrani wakuu, dogo kachora na kapata manne. Sasa anauliza, je, ikiwa na x², xy, y², halafu x na y zenyewe humo humo?

Chaki Nyeupe
Mwambie aandae karatasi za kutosha. Kwa kawaida ukishaondosha herufi moja unaangukia kwenye mlinganyo wa kipeo cha nne. Kwenye mtihani wa kidato cha tatu hawamuwekei hiyo.