Uchovu wa kazi kwa wauguzi: mafunzo yapangwe namna gani?

Mama Muuguzi, Goma: Jambo wapendwa. Wauguzi 18 wa dharura ninaowasimamia wamechoka hadi wanawafokea wagonjwa. Mafunzo ya saikolojia ya siku moja yatatosha?

Mwanasaikolojia, Bukavu: Hapana, mama, yatasahaulika. Panga vikao 5, kimoja kwa juma, dakika 90, watu 6 hadi 8. Kila kikao stadi moja tu, kwa mfano kupumua polepole, kugawa tatizo vipande au kuomba msaada. Waifanyie mazoezi kazini. Usimlazimishe mtu kusimulia vifo alivyoviona. Huweza kumzidishia maumivu.

Mpanga zamu, Lubumbashi: Wala msifanye kikao baada ya zamu ya usiku, tafadhali! Aliyekesha hashiki kitu. Wakubwa wa kazi nao wasikae kikaoni, la sivyo watu watanyamaza.

Mama Muuguzi: Aksanti. Hata mimi?

Mwanasaikolojia: Ndiyo, mama. Wewe rekebisha ratiba. Zamu zikibaki vile, mafunzo pekee hayatawasaidia.