Feni ya pikipiki kugoma kuwaka: tupeane uzoefu

Mnyororo Mkavu
Wakuu, jana nimenasa kwenye foleni, joto likapanda mpaka taa nyekundu ikawaka, feni kimya. Nikazima injini nikaanza kusukuma chuma juani. Hii ni mara ya pili yananikuta. Waliopitia hili, shida ilikuwa nini? Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ipo ya kutosha, nadhani.

Gia ya Tano
Hiyo "nadhani" ndiyo itakayokuponza. Yangu ilinitesa wiki tatu. Fyuzi nzima. Rilei, ile swichi ya umeme inayoipa feni moto, nikabadilisha, wapi. Feni nikaipa moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikazunguka vizuri tu. Nikachomoa soketi ya swichi ya joto pale kwenye rejeta, nikaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, nikafungua ufunguo: feni ikawaka. Basi nikajua nyaya ni nzima, mgonjwa ni swichi. Nikanunua mpya, nikafunga. Kimya vilevile! Siku hiyo nilikaa chini kabisa.

Kumbe nilipobadilisha kulanti sikutoa hewa. Swichi ilikuwa inaguswa na hewa badala ya maji, itajuaje kama kuna joto? Nikainua gurudumu la mbele, nikafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, ndipo nikaiwasha na kuiacha silensa, bila kuipa mafuta. Mapovu yalivyotoka! Kulanti ikashuka, nikajaza. Haijagoma tena.

Sharubu
Hewa. Hata kwangu ilikuwa hiyo hiyo.

Kofia Mbili
Mnahangaika bure. Joto likipanda ongeza mwendo, upepo unapoza.

Gia ya Tano
Kwenye foleni niongezee mwendo wapi, chini ya lori?

Bi Plagi
Mlipotaja kifuniko mkono wangu umewasha. Mimi nilikifungua cha moto.

Feni haikuwaka, nikasimama pembeni, nikasema niongeze maji niondoke. Nikazungushia kitambaa. Robo mzunguko tu, kikaruka. Maji ya mle ndani yamebanwa na presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiyafungulia yanageuka mvuke papo hapo. Ulilia kama filimbi. Uso uliokolewa na kioo cha helmeti, sikuwa nimekipandisha kwa sababu ya uvivu tu. Mkono wa kulia haukuwa na glovu. Kitambaa kilikunywa maji ya moto kikanigandia, nami nikakivuta, na ngozi ikaja nacho. Hata kupiga kelele sikuweza, nilikuwa nahema tu. Mpita njia akanimwagia chupa yake yote ya maji.

Hitilafu yenyewe? Soketi ya feni imeota kutu ya kijani. Ilisuguliwa kwa msasa dakika tano.

Sharubu
Pole sana dada. Nimekunja vidole nikisoma.

Kofia Mbili
Pole, lakini ungesubiri dakika kumi tu.

Bi Plagi
Kumi? Subiri mpaka uweze kulaza kiganja kwenye rejeta. Saa usiiangalie.

Gia ya Tano
Dada, mkono umepona?

Bi Plagi
Umepona, ila baridi ikipiga unavuta.

Mzee wa Spana
Nirudi kwenye feni. Gia ya Tano, mbinu yako ya kuunganisha nyaya ni ya pikipiki zenye swichi. Nyingi za sindano, zinazopuliziwa mafuta kwa umeme badala ya kabureta, zina sensa inayopeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayowasha feni, kwa kawaida joto likifika kama nyuzi 100 na kidogo. Hizo msiguseguse nyaya ovyo. Baadhi ukichomoa soketi ya sensa tu, feni inawaka yenyewe kwa tahadhari.

Kofia Mbili
Mimi nimefunga swichi ya mkono, nawasha nikitaka.

Mzee wa Spana
Siku utakayosahau kuiwasha utakuja hapa kuuliza habari za gaskiti ya injini iliyoungua kwa joto.

Kofia Mbili
Nilishasahau. Mara moja tu.

Mnyororo Mkavu
Jamani, nimeipa feni moto wa betri: inanguruma bila kuzunguka. Nimeisukuma panga kwa bisibisi ikaondoka. Nyuma yake kuna tope limekauka, gumu kama tofali.

Mzee wa Spana
Safisha. Ikigoma tena kuondoka yenyewe, brashi za mota zimekwisha.

Gia ya Tano
Na kulanti?

Mnyororo Mkavu
Chupa ya akiba imejaa. Nimefungua rejeta yenyewe, ya baridi, msinipigie kelele. Iko nusu.