Altaneta ya petroli kwenye Hiace ya dizeli: nifunge au nisifunge?

Dereva wa Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nina Hiace ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L. Napakia samaki Mikindani saa nane usiku, niwahi soko la asubuhi Masasi. Juzi nimeshaipita Mnazi Mmoja, taa nyekundu ya betri ikawaka. Kufika Mtama taa za mbele zimefifia, zimekuwa njano kama kibatari. Dizeli ya pampu haizimiki ovyo, ndiyo ikanifikisha.

Fundi kapima: volti 11.8, injini inaunguruma na namba haipandi. Kaboni za altaneta, ile mashine inayochaji betri, zimeisha, na puli yake ukiishika inacheza.

Kanitafutia altaneta ya mtumba iliyotoka kwenye Hiace ya petroli. Sasa ya kwangu kwa nyuma ina kitu kama kopo, mipira miwili ya oili na mmoja mnene unaokwenda kwenye breki. Hii aliyoleta nyuma ni tupu. Anataka kuiziba ile mipira, anasema chaji ndiyo shida yangu. Moyo umesita. Nabeba samaki na barafu, gari imejaa. Nifunge?

Fundi Umeme Lindi
Usifunge, ndugu yangu! Hilo kopo ni pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa. Injini ya petroli inapata mvuto wa kusaidia breki kwenye manifodi yake, pale inapovutia hewa; dizeli yako haina mvuto huo, inautegemea hapo. Ukiziba, pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na gari yenye mzigo utaikanyagia kwa miguu miwili.

Mzee wa Ndanda
Mwanangu, tengeneza hiyo hiyo yako. Kaboni na beringi zinabadilishwa. Ila ukiifungua ukakuta ndani imelowa oili, sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imekwisha. Usipoibadilisha, kaboni mpya nazo zitakufa. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, maana ule waya mnene wa altaneta una moto wa umeme muda wote. Kabla ya kurudisha, tia oili safi kidogo kwenye pampu isianze kuzunguka kavu, na weka washa (pete bapa) mpya za shaba kwenye bomba la oili. Hapo pakivuja, injini inakauka oili ukiwa njiani.

Dereva wa Mikindani
Shikamoo mzee, na asante fundi. Ile ya petroli nimeirudisha. Yangu imefunguliwa leo mbele ya macho yangu: oili tele, kaboni zimebaki vipande vidogo kama punje za mchele. Tumeweka sili, beringi mbili na kaboni. Tumekuta pia kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani. Maji ya samaki yanapenya chini ya kiti mpaka kwenye injini. Hicho kichwa nimekisugua kwa msasa.

Sasa inasoma volti 14.2, taa zikiwashwa 13.9. Pedali laini. Kesho usiku napakia, ila kwanza nazibia sakafu.