Mrejesho: Teksi ya kumpeleka mama uwanja wa ndege Kigoma

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza nitapataje teksi ya uhakika kutoka Ujiji hadi uwanja wa ndege, maana mama alikuwa anakwenda kliniki Dar na miguu inamsumbua. Nilifuata ushauri wenu: nikamwona dereva ana kwa ana pale Mwanga, tukapatana bei kabisa, nikamtajia saa ya kufika uwanjani, siyo saa ya ndege kuruka. Hilo la saa ndilo lililonisaidia zaidi.

Alfajiri akapiga mwenyewe: "Kaka, niko nje." Akamwamkia mama, akasogeza kiti cha mbele nyuma kabisa, akamshika mkono mpaka akakaa vizuri. Nilifarijika mno. Mama anarudi Ijumaa, dereva ameshaandika saa ya kutua. Asanteni sana.