Viti Themanini na Maulidi ya Jumamosi

Kikundi: Jumuiya ya Mlimani, Igogo, Mwanza

ALHAMISI

Mama Neema (Katibu), saa 12:40 jioni
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wanajumuiya. Jana usiku Bi Zuhura alikuja kwangu pamoja na ustadhi wa madrasa, wakaleta barua ya mwaliko wa Maulidi yatakayosomwa Jumamosi hii pale uwanjani baada ya swala ya Isha. Wanaomba mambo mawili: tuwaazime viti vyetu 80, na tutume wawakilishi watano watakaokaa pamoja na wageni waalikwa. Ninahitaji majibu kabla ya saa tatu usiku, kwa sababu kesho alfajiri nitapita kwa Bi Zuhura nikielekea Mwaloni, nami sitaki kumwambia kwamba bado tunafikiri.

Mama Neema (Katibu), saa 1:55 usiku
Watu 31 wamekwisha kusoma ujumbe wangu na hakuna hata mmoja aliyejibu. Salamu ya Tumsifu nayo mmeiacha ikining'inia.

Sospeter, saa 1:57 usiku
Milele Amina, Mama. Mimi ninajitolea kuwa mwakilishi wa kwanza, wa pili na wa tatu, hasa ikithibitishwa kwamba pilau itakuwa ya mbuzi.

Mama Neema (Katibu), saa 1:59 usiku
Sospeter, hili si jambo la tumbo. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, mstari wa 27, anasema kwamba asiyeamini akitualika nasi tukataka kwenda, tule kinachowekwa mbele yetu bila kuuliza-uliza.

Sospeter, saa 2:00 usiku
Basi ninaondoa swali langu la mbuzi, maana naona ni kuuliza-uliza.

Benedicto, saa 2:21 usiku
Milele Amina. Ninaomba nisikilizwe bila mzaha. Mstari ule unahusu mlo wa nyumbani, na mstari unaofuata unasema kwamba mtu akikuambia chakula kile kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Maulidi si chakula cha jioni. Ni mkusanyiko wa kidini, wenye Barzanji, kaswida na dua, na hata miongoni mwa Waislamu wapo wasiohudhuria kwa sababu wanayaona kuwa ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Ikiwa wao kwa wao wanajizuia kwa ajili ya dhamiri, sisi tunakimbilia nini? Watatuweka viti vya mbele, watatupa kipaza sauti tutoe salamu, na watoto wetu wanaojiandaa kwa Kipaimara watatuona wakiwa wamepanda juu ya ukuta, kisha tutawaeleza nini Jumapili? Tunao pia humu wawili waliotoka upande ule kwa gharama kubwa. Paulo huyo huyo, katika sura ya 8, anatuonya tusiwe kwazo kwa ndugu ambaye dhamiri yake bado haijatulia. Nimemaliza.

Mama Neema (Katibu), saa 2:24 usiku
Asante, Benedicto, kwa maandishi marefu. Sasa niambie: viti viende au visiende?

Benedicto, saa 2:25 usiku
Nimezungumzia dhamiri, nawe unaniuliza plastiki.

Mama Anastazia, saa 2:33 usiku
Plastiki hiyo tuliichangia sisi. Ninaomba tuitaje hesabu kwa usahihi, maana viti si 80 tena. Vilipoazimwa mara ya mwisho vilirudi 73, na kimoja kati ya hivyo mguu wake umefungwa kwa waya, nacho ndicho nilichokalia mimi Jumatano Kuu mpaka sketi ikachanika. Viti vile vimeandikwa JUMUIYA kwa rangi nyekundu mgongoni, na kimoja nimekiona kwa macho yangu kwa muuza chipsi karibu na Mlango Mmoja.

Sospeter, saa 2:35 usiku
Hicho cha muuza chipsi nimekikalia mara nyingi. Ni imara kuliko vilivyobaki stoo.

Mama Neema (Katibu), saa 2:36 usiku
Mama Anastazia, viti vile saba havikupotea kwa Waislamu. Vilipotea kwenye kipaimara cha mtoto wa mwanajumuiya ambaye yumo humu na ambaye mpaka leo hajasema neno. Sitamtaja.

Mama Anastazia, saa 2:38 usiku
Wala mimi sikusema vilipotea kwa Waislamu, nimesema vilipotea. Bi Zuhura ana sababu zake za kutualika mwaka huu, na sisi tunaozijua tunyamaze.

Mwalimu Deogratias, saa 2:58 usiku
Tumsifu Yesu Kristo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasahihisha madaftari. Ninaona mambo matatu yamechanganywa, nayo ni kuwaheshimu watu wanapokusanyika, kuwasaidia wafanye mkusanyiko wao vizuri, na kushiriki ibada yao. La kwanza halina mjadala. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuitangaza dini yake, na Kanuni ya Adhabu inalifanya kosa kuvuruga mkusanyiko wa ibada unaofanyika kihalali. Ninaitaja Kanuni hiyo kwa sababu kwaya yetu ina mazoezi Jumamosi usiku, ukuta kwa ukuta na uwanja, na tunavyo vile vipaza sauti vipya ambavyo mpiga kinanda wetu havishushi hata akiombwa kwa magoti.

Benedicto anayaogopa mambo ya kweli, nami siyapuuzi. Lakini Kanisa limekwisha kulipitia swali hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, ukawahimiza wote wayasahau ya zamani na kutafuta kuelewana. Tarehe 27 Oktoba 1986 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaalika viongozi wa dini nyingi Assisi, na mpango ulikuwa kwamba wakusanyike ili kusali, si kwamba wasali sala moja; kila dini ilisali kwa namna yake. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa uwanjani, akasikiliza, akala, kisha wakati wa dua akakaa kimya kama mgeni, bila kunyanyua mikono na bila kuguna.

Ninaomba pia tusome Matendo ya Mitume, sura ya 19. Efeso ilipochafuka kwa ajili ya Artemi, aliyewatetea Wakristo ni karani wa mji, ambaye hakuwa Mkristo, na alichokisema ni kwamba watu hawa hawakuiba hekaluni wala hawakumtukana mungu wa wenyeji. Paulo alikuwa amehubiri pale kwa miaka miwili na zaidi, watu wakaacha uganga na kuchoma vitabu vyao, na bado karani aliweza kulisema hilo mbele ya umati. Ninajiuliza kama mwenyekiti wetu wa mtaa angeweza kulisema hilo juu yetu.

Sospeter, saa 3:01 usiku
Mwalimu, mwenyekiti wa mtaa hawezi hata kusema lini maji yatatoka.

Benedicto, saa 3:06 usiku
Mwalimu amenigusa kwa makusudi, kwa hiyo nitajibu. Mnakumbuka mhadhara wa pale pale uwanjani, yule mgeni aliyesimama juu ya meza akiwa ameshika Biblia yetu, akaufanyia mzaha Utatu Mtakatifu na Ekaristi siku tatu mfululizo, na mama yangu mgonjwa akiwa kitandani anasikia kila neno. Hakuna aliyekuja kutuomba radhi. Leo wanataka viti, na mimi ndiye mwenye moyo mgumu.

Mama Neema (Katibu), saa 3:09 usiku
Benedicto, pole tena kwa ajili ya Mama, Mungu amweke mahali pema. Lakini simulia yote. Wiki iliyofuata ulimleta mhubiri wako kutoka mbali, mwenye spika nne, akasema juu ya Mtume wao maneno ambayo mimi siwezi kuyaandika humu, na mwenyekiti wa mtaa akaja na askari kuwafunga midomo wote wawili. Bi Zuhura alikuwa amelala na mjukuu mwenye homa. Yeye pia hakuombwa radhi.

Mwalimu Deogratias, saa 3:12 usiku
Mambo hayo huanza hivyo hivyo. Februari 2013 ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulifika mpaka mchungaji akauawa kule Buseresere, na wiki zile hapa kwetu tulikuwa tunanunua nyama kwa kutazamana. Sitaki kuirudia hali ile kwa ajili ya vipaza sauti.

Benedicto, saa 3:13 usiku
Ujumbe huu umefutwa.

Sospeter, saa 3:15 usiku
Niliuona kabla haujafutwa, lakini mimi si mtu wa kusema.

Mama Neema (Katibu), saa 3:16 usiku
Sospeter, nyamaza. Ndugu wengine 26 nao wanyanyue basi hata kidole. Ninaandika orodha: 1. Mama Neema. 2. Mwalimu Deogratias. 3. 4. 5.

Sospeter, saa 3:17 usiku
3. Sospeter.

Mama Neema (Katibu), saa 3:17 usiku
3. bado wazi.

Mzee Bonifasi, saa 3:52 usiku
Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo. Mjukuu amenisomea maneno yenu yote, na ndiye anayeniandikia haya. Wengi wenu mnajua kwa nini sijaukanyaga uwanja ule tangu mwaka 2009, na wasiojua wasiulize humu. Mwaka ule nililileta jina la binti yangu mbele ya jumuiya, nikawaomba msiende, nanyi mkanitii wote, hata wewe Mama Neema uliyekuwa umekwisha kumshonea kitenge. Waliomba viti, tukawanyima. Siku ile nilikaa ndani, nikalisikia dufu mpaka likanyamaza, kisha nikausikia mkokoteni ukirudisha viti vya kukodi ukipita mbele ya mlango wangu, na kijana aliyeusukuma akanisalimia shikamoo.

Imani yangu sijaibadili na alichokifanya mwanangu bado kinaniuma. Benedicto hajakosea kuiogopea dhamiri ya mdogo. Lakini viti tulivyovifungia mwaka ule havikumrudisha mtu yeyote kanisani. Jumamosi nitakwenda. Watakapoanza dua nitaomba ruhusa na kuondoka kwa adabu, kwa sababu ile si sala yangu, na shehe ni mtu mzima, atanielewa. Kabla ya hapo ninataka nikae mahali ninapoweza kuwaona watoto wa binti yangu, kwa maana wawili kati yao sijawahi kuwaona uso kwa uso. Kiti changu nitabeba mwenyewe.

IJUMAA

Mama Anastazia, saa 11:48 alfajiri
Shikamoo, Mzee. Sikulala vizuri. Niandikwe nafasi ya tatu, na suala la hesabu ya viti tutalizungumza wiki ijayo.

Mwalimu Deogratias, saa 12:05 asubuhi
Shikamoo, Mzee wetu. Mzee hatabeba kiti.

Mama Neema (Katibu), saa 12:30 asubuhi
Shikamoo, Mzee. Kitenge kile ninacho mpaka leo, sijawahi kukivaa wala kukigawa. Nimepita kwa Bi Zuhura nikamwambia viti vitakwenda, 72, na kile chenye waya tutakibakiza. Sikumwambia habari ya Mzee. Nimeona si kazi yangu. Sasa ninahitaji mambo matatu kabla ya mchana: mwenye funguo za stoo, mkokoteni, na kiongozi wa kwaya aseme kama mazoezi yatahamishiwa Jumapili alasiri. Mambo hayo si ya dhamiri, kwa hiyo ninategemea majibu ya haraka.

Mama Neema (Katibu), saa 5:15 asubuhi
Nimesema majibu ya haraka.

Kiongozi wa Kwaya, saa 7:40 mchana
Milele Amina. Ndiyo kwanza ninasoma. Mazoezi hayawezi kuhamishwa kwa sababu Jumapili alasiri tuna wageni, lakini tunaweza kuimba bila spika. Nitamwuliza mpiga kinanda, ingawa jibu lake ninalijua.

Mwalimu Deogratias, saa 7:44 mchana
Mwambie ni ombi la Mzee.

Kiongozi wa Kwaya, saa 7:45 mchana
Je, Mzee amesema hivyo?

Mwalimu Deogratias, saa 7:51 mchana
Hapana. Nimeteleza. Mwambie ni ombi langu.

Mama Neema (Katibu), saa 9:20 alasiri
Funguo za stoo ziko kwa Baba Doto, ambaye tangu jana hajasoma hata ujumbe mmoja. Nimempigia mara sita. Mwenye kujua alipo aseme.

Sospeter, saa 9:22 alasiri
Mama, mimi ninayo nyundo, na kufuli lile ni la kichina.

Mama Neema (Katibu), saa 9:22 alasiri
Usiliguse kufuli lile.

Benedicto, saa 10:03 jioni
Msimamo wangu kuhusu kuhudhuria ni ule ule, nami nisiandikwe nafasi yoyote. Mkokoteni wangu uko nyuma ya nyumba, tairi la kushoto linahitaji upepo. Atakayeuchukua aurudishe kabla ya Misa ya kwanza, na kile kiti cha Mzee cha mbao kipakiwe juu ya vingine, kisikwaruzwe.

Baba Doto, saa 2:47 usiku
Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Niko Nansio msibani tangu Jumanne na simu haikuwa na chaji. Funguo ninazo mfukoni. Meli ninayotarajia kupanda itanifikisha Mwanza kesho alasiri ikiwa ziwa litakuwa tulivu, kwa hiyo msimwahidi mtu saa. Ninaona kuna ujumbe 58, je, kuna jambo?